Alijenga Nairobi, Kisha Akaomba Kiti

Zamu ya historia imenifikia. Najua wengi mlitegemea niandike juu ya Lumumba au Rwagasore, lakini hao tumeshawasoma sana. Leo nawaletea Mhindi mmoja aliyekufa mwaka 1936, mwenye majumba aliyegeuka kuwa mwanasiasa. Jina lake mnalitaja kila mkipanga kuonana mjini Nairobi. Mnasema "tukutane Jeevanjee", na wengi wetu tulidhani ni jina la bustani tu. Kumbe ni mtu. Tena mtu mwenye mambo yanayotuhusu kabisa, sisi tuliokuja kutoka mbali tukaanza kujenga kwenye ardhi ya wengine.

Kwanza niseme wazi: Alibhai Mulla Jeevanjee hakuwa mkimbizi. Hakukimbia vita, hakupanga foleni ya chakula. Alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika familia ya Mabohora. Karachi leo iko Pakistan, lakini siku zile ilikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza, kwa hiyo yeye alikuwa raia wa chini ya taji lile lile lililokuja kuitawala Kenya. Shule hakusoma sana. Alikuwa mtu wa kutembeza biashara, na kabla ya Afrika alishajaribu maisha Australia, mji wa Adelaide. Karibu mwaka 1890 akafungua kampuni Mombasa. Mtu wa namna hiyo mnamjua, kila kambi anaye: yule ambaye wiki ya kwanza ameshajua nani anauza turubai, nani ananunua mafuta, na lori la mbao linapita siku gani.

Bahati yake ilikuwa reli. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, nao walitaka watu wa kazi kutoka India. Kampuni ya Jeevanjee ikapata kandarasi za kuleta vibarua, kuwapatia chakula, kuvunja mawe na kuchimba udongo. Kwa jumla, katika miaka yote ya ujenzi, Wahindi kama 32,000 waliletwa kwa mkataba, na si wote walipitia kwake. Karibu 2,500 walikufa, kwa magonjwa, kwa ajali, na wengine kwa simba wa Tsavo ambao ndio pekee wanaokumbukwa kwenye sinema. Reli ilikuwa na maili 582. Pigeni hesabu wenyewe: zaidi ya watu wanne kwa kila maili moja. Kama 6,700 walibaki huku baada ya mkataba kuisha, na wengine wote wakarudi kwao.

Ninasema haya ili tusimfanye mzee huyu malaika. Utajiri wake wa mwanzo ulitoka kwenye jasho la watu waliosaini karatasi ambazo wengi wao hawakuweza kuzisoma. Alikuwa tajiri wa kandarasi, na mwenye kandarasi hushiba kabla ya kibarua. Wale mnaofanya mjengo kule Kayole na Ruiru hamhitaji niwafafanulie.

Mwezi wa tano mwaka 1899 reli ilifika mahali penye majimaji ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe zao. Wenyewe walipaita kwa jina la maji baridi, na ndiko jina Nairobi lilikotoka. Hapakuwa na mji. Palikuwa na mahema, mabati, karakana ya reli na tope. Serikali ya kikoloni ilikuwa na bendera na maafisa, lakini pesa za kujenga zilikuwa haba. Hapo ndipo Jeevanjee alipoacha kuwa mtu wa kandarasi peke yake akawa mwenye mali. Alikuwa na mafundi wa mawe waliokwisha kazi ya reli, alikuwa na pesa mkononi, na alikuwa na moyo wa kusubiri kodi. Alichukua viwanja, akajenga kwa mawe pale wengine walipokuwa bado wanaishi kwenye mabati, akawapangisha wafanyabiashara na hata serikali yenyewe. Hebu fikirini hilo: dola iliyokuja kutawala, na mwenye nyumba wake ni Mhindi wa Karachi.

Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi. Soko la Wahindi lilikuwa limebanana, maji machafu yakipita kati ya vibanda, na daktari wa serikali akaona dawa ni moja tu: kulichoma. Likachomwa moto. Nikisoma habari hiyo nilikumbuka mara ngapi tumesikia kwamba mtaa fulani utabomolewa "kwa sababu za kiafya". Ugonjwa ulikuwa wa kweli, sikatai, na tauni si mchezo. Lakini aliyepoteza duka alikuwa yule yule aliyenyimwa nafasi ya kujenga kwa upana tangu mwanzo. Baada ya moto mji ulipangwa upya, na wenye uwezo wa kujenga haraka walikuwa wachache. Mmojawapo mnamjua.

Mwaka 1904 Jeevanjee alijenga soko la mji. Kisha akatoa kiwanja katikati ya Nairobi kiwe bustani ya watu kupumzika, na mwaka 1906 mtoto wa Malkia Victoria, Duke wa Connaught, akaja kufunua sanamu ya mama yake ndani ya bustani hiyo. Sanamu nayo ilikuwa zawadi ya Jeevanjee. Mnaona alichokuwa anafanya? Alikuwa anawaambia watawala: mimi ni mwaminifu kwa taji lenu, nimewajengea soko, nimewajengea ofisi, nimemsimamisha malkia wenu kwa pesa zangu. Mtu anayefanya hivyo ana jambo analolitaka. Zawadi ilikuwa pia maombi.

Kabla sijafika kwenye siasa, kuna kisa cha gazeti. Mwaka 1902 Jeevanjee alianzisha Mombasa gazeti la kila wiki liitwalo African Standard, akaajiri mhariri Mwingereza. Mwaka 1905 akaliuza kwa Wazungu, nalo likabadilishwa jina kuwa East African Standard, likahamia Nairobi, na kwa miaka mingi likawa sauti ya walowezi waliotaka Wahindi wabanwe. Ndilo The Standard la leo. Alijenga kipaza sauti, akakiuza, kisha akatukanwa nacho. Kwa maoni yangu hakuna biashara iliyomgharimu zaidi maishani, hata kama siku ile alipata bei nzuri.

Sasa siasa. Baada ya reli kumalizika, serikali iliwaita walowezi wa Kizungu waje kulima nyanda za juu, kule penye baridi na udongo mwekundu. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, Wakikuyu, Wamaasai na wengine. Hao waliondolewa au walisukumwa kwenye maeneo ya hifadhi. Halafu walowezi wakataka jambo la pili: Mhindi asiruhusiwe kununua shamba huko. London ikakubali. Kufikia 1908 msimamo ulikuwa umeshawekwa kwamba mashamba ya nyanda za juu ni ya Wazungu, na sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikaufunga mlango kabisa. Mlowezi aliweza kupewa ardhi kwa miaka 999, na serikali ilikuwa na uwezo wa kuzuia shamba lisiuzwe kwa mtu wa rangi nyingine. Kuhusu miji, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Simpson, alipendekeza watu watengwe kwa rangi, kila rangi na mtaa wake. Afya tena.

Basi mtazameni Jeevanjee alivyokuwa. Pesa anazo. Nyumba anazo. Afisa anayempa amri pengine amepanga kwake. Lakini shamba la Limuru hawezi kununua, si kwa kukosa bei, ni kwa kukosa rangi. Mlowezi aliyeshuka melini jana kwa mkopo wa benki ana haki ambayo yeye hana baada ya miaka ishirini.

Nawageukia kidogo ninyi ndugu zetu wa mashirika. Kila semina tunafundishwa kujitegemea: shona, fuga kuku, anzisha duka, ujitegemee. Ni sawa, tunashukuru, mimi mwenyewe nimefaidika. Lakini Jeevanjee alikuwa amejitegemea kuliko mtu yeyote katika Kenya nzima. Alikuwa na kandarasi, majumba, soko, kiwanda, mpaka meli. Na bado alihitaji kitu ambacho duka halikuleti: kiti mahali panapotungwa sheria.

Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907, na wajumbe wake wote walikuwa Wazungu. Wahindi walilalamika, wakaandika barua, wakatuma watu London. Mwishowe gavana akamteua mmoja, naye ni Jeevanjee, na kufikia mwaka 1910 alikuwa ameketi, mtu wa kwanza asiye Mzungu katika baraza lile. Angalieni neno "akamteua". Hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa mmoja peke yake kati ya Wazungu watupu, kura moja ambayo haiwezi kushinda hoja hata moja, na mikutano yote kwa Kiingereza cha wanasheria.

Viongozi wa block wanajua kiti cha namna hiyo. Unaitwa mkutanoni, unapewa maji ya chupa na karatasi ya kusaini kwamba ulihudhuria, lakini uamuzi ulishafanyika wiki iliyopita. Ukinyamaza, wanasema jamii imekubali. Ukisema, wanasema huyu ana fujo. Jeevanjee alisema. Alidai Mhindi alipaye kodi awe na haki sawa na Mzungu alipaye kodi, awe na ruhusa ya kununua ardhi, na awe na usawa mahakamani. Hakudumu. Kufikia mwaka 1911 hakuwemo tena, na ilibidi Vita Vikuu vya Kwanza viishe ndipo Wahindi wapate tena nafasi barazani. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia mpaka 1944. Andikeni mahali hiyo miaka miwili, 1907 na 1944.

Hapa nafika pale pagumu, na sitaki kuparuka. Mwaka 1910 Jeevanjee alikuwa London kupeleka malalamiko, akazungumza na gazeti la huko. Katika maneno yake alisema kwamba nchi hii ya Afrika ingefaa iunganishwe na dola ya India, ifunguliwe kwa Wahindi, na baada ya miaka michache ingekuwa India ya pili. Ndivyo alivyosema. Mtu aliyekuwa anapinga Wazungu kujigawia nchi ya wengine alitaka naye agawiwe.

Niliposoma hapo nilimkasirikia sana. Nilikuwa tayari nimempenda. Kisha nikakaa nikaitazama hoja yake yote tangu mwanzo, nikaona kwamba tatizo halikuanzia London. Hoja ya Jeevanjee ilikuwa na miguu mitatu: tumejenga reli, tunalipa kodi, sisi ni raia wa mfalme mmoja na ninyi. Ni hoja nzuri ukiwa unaongea na Mwingereza. Lakini haina hata neno moja kwa mtu uliyemkuta. Mmaasai aliyehamishwa kwa mkataba wa 1904, kisha akahamishwa tena kwa ule wa 1911, atakujibu nini ukimwambia umejenga reli? Reli ndiyo iliyomhamisha. Katika hesabu ya Jeevanjee ya miaka ile kulikuwa na watu wawili tu mezani, Mzungu na Mhindi, na meza yenyewe ilikuwa imewekwa kwenye ardhi ya mtu wa tatu.

Tusijifanye jambo hili ni geni kwetu. Mara ngapi sisi tukigombana na wenyeji kuhusu kuni, maji au vibanda vya soko, mbio zetu za kwanza ni kwenda HCR? Tunapita juu ya kichwa cha jirani tunakwenda kwa mkubwa wa nje, kwa sababu huko tuna karatasi na faili. Wakati mwingine hakuna njia nyingine, naelewa, hasa usiku ule wanapokuja na mapanga. Ila jirani anaona. Na kesho mkubwa wa nje akifunga ofisi, jirani yupo.

Wakoloni waliitumia kasoro hiyo ya hoja ya Wahindi kwa ujanja mkubwa. Mwaka 1923, baada ya kelele nyingi za Wahindi kudai kura moja kwa wote na walowezi kutishia mpaka kumteka gavana, serikali ya Uingereza ilitoa waraka uliosema kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao ndiyo yatangulie. Maneno matamu. Lakini matokeo yakawa hivi: Wahindi walipewa viti vitano na orodha yao ya peke yao ya kupigia kura, walowezi wakabaki na viti kumi na kimoja, na nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Mpango wa kutenga mitaa ya mji kwa rangi ndio ulioachwa. Kwa hiyo jina la Mwafrika lilitumika kumnyima Mhindi, na shamba la Mwafrika halikurudi.

Kuna Wahindi walioliona hilo mapema kuliko mzee. Manilal Desai, mwandishi wa habari Nairobi, alikuwa upande wa Harry Thuku alipopinga kipande na kodi, na matbaa yake ikamsaidia kuchapisha. Thuku alikamatwa Machi 1922, na umati uliokuja kumdai ulipigwa risasi, wakafa watu zaidi ya ishirini kwa hesabu ya serikali yenyewe. Na Isher Dass, kijana aliyekuja Kenya kuwa katibu wa Jeevanjee, alifuatana na Jomo Kenyatta mwaka 1929 kwenda London kudai ardhi ya Wakikuyu. Hilo linanipa raha kidogo. Katika nyumba ile ile ya mtu aliyetaka India ya pili, alitoka kijana aliyejua nchi ni ya nani.

Jeevanjee mwenyewe aliendelea na siasa za Wahindi mpaka uzeeni, lakini biashara ilimponyoka. Meli zilikwisha, kandarasi zikaenda kwa wengine, mali ikapukutika. Alikufa Nairobi mwaka 1936 bila ule utajiri wa zamani, katika mji ambao nusu ya sura yake ya kwanza aliitoa mfukoni.

Na majengo hayawalindi waliojenga, hilo Uganda ilituonyesha. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Familia zilizokuwa na maduka na viwanda kwa vizazi vitatu ziliondoka na sanduku, na wale wasiokuwa na uraia wa nchi yoyote walipita mikononi mwa HCR kama sisi. Nimekaa Kampala miezi michache, na nimeona kwenye nyumba kadhaa za zamani majina ya Kihindi na mwaka wa ujenzi vimechongwa juu ya milango. Mpangaji ukimuuliza hao ni akina nani, anakwambia hajui.

Bustani imebaki Nairobi, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu Street. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuijenga ghorofa la kuegesha magari na maduka. Mnajua Nairobi ya miaka ile, ambapo kiwanja cha umma kiliweza kulala cha umma na kuamka na hati ya mtu. Aliyesimama kuongoza upinzani ni Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, na ghorofa halikujengwa. Baadaye Zarina akaandika kitabu juu ya maisha ya babu yake. Ninachopenda katika ile kampeni ni kwamba hakudai bustani irudishwe kwa familia. Alidai ibaki ya watu wa Nairobi, na watu wa Nairobi wakamuunga mkono. Babu alidai haki kwa sababu alijenga. Mjukuu alidai kwa niaba ya waliokalia benchi, na wengi wao hawakujua jina la babu.

Sanamu ya Victoria ilivunjwa mwaka 2015, kichwa kikakatwa. Chini ya miti ile ile wanakaa Bunge la Mwananchi, vijana na wazee wasio na kazi na wenye kazi, wanajadili bajeti, unga, katiba na kanjo. Hakuna anayeteuliwa na gavana. Nimeketi hapo mara kadhaa nikisikiliza. Mara moja mzee mmoja aliniona nimenyamaza muda mrefu, akauliza, "Na wewe kijana, wasemaje?" Nikasema kwa Kiswahili changu cha Bukavu, ambacho wote walikitambua papo hapo. Walicheka kidogo, kisha mmoja akapinga hoja yangu, tukaendelea kubishana mpaka mvua ikatufukuza.